Kupanga Maziko Kabla ya Kifo kwa Nyenzo za Kidijitali: Muda, Ushahidi na Dhamana katika Mji Mkongwe na Kisiwa cha Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna nyenzo za kidijitali zinavyoweza kutumika kuandaa maziko kabla ya kifo katika jamii ya Waislamu wa Unguja, hususan Mji Mkongwe. Hoja ya msingi ni kwamba maziko yenyewe hayamsubiri marehemu ayapange, kwa kuwa sheria ya dini na ujirani vimekwisha kuyapanga. Kinachohitaji maandalizi ni yale ambayo marehemu peke yake ndiye aliyekuwa akiyajua: madeni, amana, mahari iliyobaki, wasia, na watu wa kuarifiwa. Makala yanalinganisha muda wa matukio ya msiba na muda ambao kampuni za mtandao zimeuweka kwa akaunti za waliofariki, kisha yanaonesha kwamba viwili hivi havikutani. Yanahitimisha kwamba kumbukumbu ya kidijitali hufaa pale tu inapoambatana na mtu mwenye dhamana na mashahidi.

Istilahi muhimu: maziko, wasia, deni, ubani, dhamana, urithi wa kidijitali

1.0 Utangulizi

Mtu akifariki alfajiri katika Mji Mkongwe, mara nyingi huwa amekwisha zikwa kabla ya jua kutua. Katika saa hizo chache maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kupelekwa makaburini, na wakati huohuo ndugu wa Pemba, Dar es Salaam, Muscat na London huwa wakiarifiwa. Zamani habari hizo zilipelekwa kwa mjumbe wa miguu na kwa matangazo ya msikitini, kisha kwa matangazo ya vifo ya redio. Leo sehemu kubwa hupita katika simu ya mkononi, na fedha za pole hutumwa kwa simu hiyohiyo.

Mabadiliko haya yamezaa swali ambalo halijapewa uzito wa kutosha katika maandishi ya Kiswahili. Ikiwa simu ndiyo inayobeba habari, fedha na kumbukumbu za mtu, je, yapi yanaweza kuandaliwa humo kabla ya kifo, na yapi hayawezi? Miongozo mingi ya kupanga mazishi inayopatikana mtandaoni imetungwa kwa ajili ya jamii za Ulaya na Marekani. Humtaka mtu achague jeneza, muziki, maua na ukumbi. Kwa Muislamu wa Unguja karibu maswali yote hayo hayana mahali. Hata hivyo, kuikataa miongozo hiyo hakumaanishi kwamba hakuna la kuandaa.

Makala yanajikita kwa Waislamu wa Kisuni wanaofuata madhehebu ya Imam Shafii, ambao ndio wengi kisiwani. Mji Mkongwe una pia Waibadhi, Mashia wa Ithnaasheri, Mabohora, Wahindu na Wakristo wa Kanisa la Anglikana la Mkunazini na la Katoliki la Minara Miwili. Kila jumuiya ina utaratibu wake wa maiti na unastahili uchunguzi wake wenyewe.

2.0 Yaliyokwisha kupangwa

Fiqhi huwawajibisha walio hai mambo manne juu ya maiti: kumwosha, kumvika sanda, kumsalia na kumzika. Wajibu huu ni wa kutoshelezana. Wakiutekeleza baadhi, wengine huwa wameondokewa na dhima. Mwenye kufa hana haja ya kumwajiri mtu wala kulipia huduma mapema. Methali ya waja wa pwani, mwosha huoshwa, inaeleza msingi wa utaratibu huu: kila anayehudumia leo atahudumiwa kesho.

Hata vifaa vimewekwa na mazoea. Sanda ya mwanamume huwa vipande vitatu na ya mwanamke vitano. Maji ya kuoshea hutiwa majani ya mkunazi, mti uleule ulioupa mtaa wa Mkunazini jina lake, na maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti. Kaburi huchimbwa na kutengenezewa mwanandani, na maiti hulazwa ubavu akielekea kibla. Mzee wa mtaa, imamu wa msikiti na sheha wa shehia hujulikana na kila mtu, na vijana wa kuchimba kaburi hupatikana bila ya mkataba.

Kwa hiyo katika mazingira haya kupanga maziko hakuna maana ya kubuni sherehe. Mtu hana mamlaka ya kuagiza sanda ya hariri wala kaburi la fahari, na akiagiza linalokwenda kinyume na sheria halitekelezwi. Jambo moja la mahali ndilo linaloleta mvutano mara kwa mara, nalo ni kuhamishwa kwa maiti. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii hukataza kumhamisha maiti kutoka mji aliofia kwenda mji mwingine, isipokuwa awe karibu na Makka, Madina au Baitul Mukaddas, na wasia wa kuhamishwa kwa mujibu wa kauli hiyo hautekelezwi. Matumizi ya jamii ni mapana zaidi. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024 na akazikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Kwa upande mwingine, Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat mwezi Disemba 2024 na kuzikwa hukohuko Omani. Familia iliyotawanyika baina ya kisiwa na ughaibuni hulazimika kuamua jambo hili kwa saa chache, katika huzuni, na mara nyingi kwa ujumbe wa simu. Sentensi moja iliyoandikwa na mhusika akiwa hai, kwamba azikwe pale atakapofia, huondoa ugomvi mkubwa.

3.0 Yasiyojulikana na wengine

Jamii hujua kuzika, lakini haijui marehemu alikuwa anadaiwa na nani. Hapa ndipo penye uzito wa suala zima.

Mali aliyoiacha marehemu hugawiwa kwa mpangilio maalumu: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja, kisha warithi. Wasia haumfai mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Kabla ya maiti kuondolewa, ni desturi msemaji wa familia kusimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, deni litalipwa. Tangazo hilo lina hekima kubwa, lakini huwafikia waliohudhuria tu. Aliyekopesha kwa simu akiwa Muscat, au aliyeuziwa bidhaa ambazo hazijafika, hayumo katika mkusanyiko huo.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa nguo wa Darajani. Bidhaa zake hutoka Dubai kwa mkopo wa maneno, wateja wake wa shamba humlipa kidogo kidogo kwa simu, na hesabu zote zimo katika mazungumzo ya WhatsApp na katika ujumbe wa miamala. Akifariki ghafla na simu yake ikiwa imefungwa kwa alama ya kidole, warithi hubaki na duka lakini hawana daftari. Wanaodai watajitokeza, wanaodaiwa watanyamaza. Mirathi itagawiwa ikiwa pungufu, na deni ambalo marehemu alikusudia kulilipa litabaki shingoni mwake. Kwa mwenye kuamini kwamba nafsi ya maiti hufungika kwa deni lake, jambo hili si la hesabu peke yake.

Mahari iliyobaki ina hali hiyohiyo. Mahari ambayo mume hakuikamilisha ni deni, na mke hustahiki kulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Ikiwa hakuna maandishi wala shahidi, mjane hujikuta akiwadai warithi wenzake, pengine watoto wa mke mwingine, kitu ambacho hawezi kukithibitisha.

Kuandika si jambo geni katika dini. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara inaagiza deni la muda liandikwe na kushuhudiwa, na aya ya 106 ya Sura ya Al-Maida inataja mashahidi wawili waadilifu wakati wa kuusia. Mafunzo ya Mtume yanamhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale siku nyingi bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Nyenzo za kidijitali hazileti wajibu mpya, ila zinarahisisha au zinavuruga wajibu wa zamani.

4.0 Muda wa msiba na muda wa mtandao

Arnold van Gennep, katika kazi yake ya mwaka 1909 kuhusu ibada za mpito, aliugawa mpito wa kifo katika hatua za kutenganishwa, kuwa katikati na kuingizwa upya. Kwa Unguja, hatua ya kutenganishwa ni fupi mno na hatua ya katikati ni ndefu. Maziko humalizika kwa saa. Taazia huendelea siku tatu, hitima husomwa, na baadhi ya familia hukumbuka arubaini. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, yaani takriban siku 128 kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Katika kipindi hicho hutoka nyumbani kwa haja tu.

Kampuni za mtandao zimejiwekea muda wake. Google ilianzisha mwaka 2013 huduma ya kusimamia akaunti isiyotumika. Mtumiaji huchagua watu wa kuarifiwa na kupewa taarifa zake, baada ya akaunti kukaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Facebook iliruhusu mwaka 2015 kumteua mtu wa kuangalia ukurasa wa marehemu, lakini mteuliwa huyo hawezi kusoma ujumbe wa faragha. Apple ilifuata mwishoni mwa mwaka 2021 kwa huduma ya mrithi wa akaunti, ambaye lazima awe na ufunguo maalumu pamoja na cheti cha kifo. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyounganishwa kwa siku 120.

Ulinganisho wa tarakimu hizi una mafunzo matatu. Kwanza, hakuna hata huduma moja kati ya hizo inayofaa kwa saa za maziko. Aliyeandika mahali anapotaka kuzikwa katika hifadhi ya mtandaoni itakayofunguka baada ya miezi mitatu, amewaandikia watu ambao watakuwa wamekwisha mzika kwa siku tisini. Pili, siku 120 za WhatsApp humalizika kabla ya siku 128 za eda. Mjane anayengoja amalize eda ndipo afuatilie mambo ya mumewe, anaweza kukuta akaunti imekwisha futwa. Mazungumzo yaliyomo ndani ya simu yenyewe huweza kubaki, lakini bila ya namba ya siri hayafunguki. Tatu, huduma inayodai cheti cha kifo huirudisha familia katika ofisi za serikali. Zanzibar usajili wa vifo uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018. Familia isiyosajili kifo mapema, kwa kuwa maziko yamekwisha na hakuna aliyeuliza karatasi, hukwama baadaye katika kila mlango.

5.0 Fedha za simu na ubani

Fedha zilizomo katika laini ya simu ya marehemu ni sehemu ya mali yake, sawa na fedha za kabatini. Tofauti ni kwamba kabati lina ufunguo mmoja na huonekana na wote, ilhali laini imefungamanishwa na alama za vidole za mwenyewe na namba yake ya siri. Mtoto anayeijua namba ya siri ya baba yake na kutoa fedha saa mbili baada ya kifo, hata kama amezinunulia sanda, amegusa mali ya warithi wote bila ya idhini yao. Anayengoja kufuata utaratibu wa usimamizi wa mirathi hutumia muda mrefu zaidi, lakini hesabu yake hubaki safi. Katika Zanzibar, Mahakama ya Kadhi, inayoongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndizo taasisi ambazo Muislamu huziendea kwa masuala ya mirathi na wasia.

Ubani huleta mchanganyiko wa aina nyingine. Ubani hutolewa kwa wafiwa, hivyo hauwi mali ya marehemu wala haugawiwi kwa mafungu ya mirathi. Zamani ulitolewa mkononi na kuandikwa daftarini. Siku hizi jamaa wa mbali huutuma kwa simu, na kwa kuwa namba wanayoijua ni ya marehemu, baadhi huutuma huko. Matokeo yake ni fedha za wafiwa kufungiwa ndani ya mali ya maiti, na pindi zinapotolewa, hakuna anayeweza kutenganisha ipi ni mali iliyorithiwa na ipi ni ubani. Ujumbe wa msiba unaosambaa bila ya namba iliyothibitishwa pia huwapa matapeli nafasi ya kuingiza namba zao. Njia ya kuepusha yote mawili ni nyepesi: familia ikubaliane mapema juu ya namba moja, ya mtu aliye hai, yenye jina linalojulikana na jamaa wote.

6.0 Udhaifu wa kumbukumbu ya kidijitali

Kumbukumbu iliyomo ndani ya simu peke yake hutegemea mambo ambayo kisiwa hakiyamiliki. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka Tanzania Bara. Mwezi Mei 2024 kukatika kwa mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti Tanzania nzima. Kifo hakingoji mkongo uunganishwe.

Kuna pia ajali zinazochukua mtu pamoja na simu yake. Meli ya MV Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba abiria wengi kupita uwezo wake. Familia nyingi hazikupata mwili wa kuzika, wala kitambulisho, wala simu. Aliyekuwa ameacha nakala kwa mtu wa nchi kavu ndiye peke yake ambaye taarifa zake hazikuzama.

Udhaifu wa pili ni wa ushahidi. Ujumbe wa sauti au faili lisilo na saini laweza kuwa ukumbusho, lakini haliwi wasia kwa kuwa tu limetoka katika simu ya marehemu. Linaweza kubadilishwa, na aliyeliandika hayupo kuulizwa. Kadhi huhitaji mashahidi. Mgogoro hukua pale mrithi mmoja anaposhika faili ambalo wengine hawakuwahi kuliona.

Udhaifu wa tatu unahusu siri. Simu hubeba mambo ambayo mtu hakukusudia warithi wayaone: ndoa isiyotangazwa, maradhi, sadaka za siri, mikopo ya ndugu walioomba wasitajwe. Kuifungua simu yote ili kutafuta deni moja ni kuvunja sitara ya marehemu na ya walio hai. Kwa sababu hiyo, nasaha ya kumwachia mtu namba zote za siri, inayotolewa mara kwa mara, haitoshi. Linalotakiwa ni kutenganisha kinachopaswa kujulikana na kisichopaswa.

7.0 Mpangilio unaofaa mazingira ya Unguja

Kutokana na uchambuzi huu, maandalizi yanaweza kugawanywa katika maandishi matatu, kila moja na muda wake na mshika dhamana wake.

La kwanza ni waraka wa saa za mwanzo. Huu ni ukurasa mmoja usio na siri: jina kamili na namba ya kitambulisho, mahali pa kuzikwa, anayependelewa kuosha, majina na namba za watu watano au sita wa kuarifiwa kwanza, na namba ya kupokelea ubani. Uwekwe katika simu za watu wawili wanaoishi karibu na uchapishwe nakala ya nyumbani. Nyumba nyingi za mtaani huhifadhi karatasi muhimu katika kabati au sanduku la mama wa nyumba, na hapo ndipo pa kuuweka.

La pili ni daftari la madeni, amana na mahari. Hili hubadilika kila mwezi, hivyo lahajedwali au daftari la simu linafaa zaidi kuliko karatasi. Hata hivyo deni kubwa liandikwe na kusainiwa na pande mbili mbele ya mashahidi, na nakala ya picha ihifadhiwe na aliyekopesha pia. Mume aandike mahari iliyobaki, na mke awe na nakala yake mkononi.

La tatu ni wasia. Asili yake iwe karatasi yenye saini na mashahidi wawili waadilifu, iliyokabidhiwa kwa wasii au taasisi inayohusika. Kazi ya nyenzo ya kidijitali hapa ni moja: kueleza asili iko wapi, nani anaishika, na iliandikwa tarehe gani, ili wasia wa zamani usije ukashindana na mpya.

Akaunti za mtandao zije baada ya hayo. Mtumiaji ateue mtu kwa utaratibu wa kampuni husika, achague muda mfupi kabisa uliopo, na aandike katika daftari la pili kwamba uteuzi huo upo. Picha za familia, ambazo thamani yake haipimwi kwa fedha, zitunzwe katika nakala ya pili nje ya simu mapema.

Mpangilio huu unamtaka mhusika azungumze na mtu. Hapo ndipo ugumu wake ulipo, kwa kuwa wengi huona kutaja kifo chao mbele ya watoto ni kujitakia shari. Lakini msafiri wa Hija kwa desturi hulipa madeni, huandika wasia na huomba radhi kwa majirani kabla ya kuondoka. Desturi hiyo inaonesha kwamba jamii inajua kuzungumzia kifo bila ya kukiita, na inaweza kupanuliwa kwa asiyesafiri.

8.0 Hitimisho

Nyenzo za kidijitali hazikuleta Unguja wazo la kujiandaa na kifo. Zimeleta mahali papya pa kusahaulika kwa deni. Kadiri biashara, fedha na mawasiliano yanavyohamia ndani ya simu, ndivyo mambo yanayomhusu maiti yanavyozidi kuwa mbali na macho ya majirani ambao zamani walikuwa mashahidi. Muda wa kampuni za mtandao haulingani na saa za maziko wala na siku za eda, na pengo hilo halizibwi na programu nyingine mpya. Huzibwa na wasii aliyepewa dhamana, karatasi yenye mashahidi, na faili fupi linalojulikana lilipo.

Uchunguzi zaidi unahitajika katika maeneo mawili. La kwanza ni namna Mahakama za Kadhi zinavyoupima ujumbe wa simu pale unapoletwa kuthibitisha deni au mahari. La pili ni hali ya wajane wa shamba, katika vijiji vya Kaskazini na Kusini Unguja, ambao simu ya mume ndiyo ilikuwa mlango wao wa pekee wa fedha. Kwa mjane wa namna hiyo, mstari mmoja ulioandikwa na mumewe akiwa hai unaweza kuwa ndio tofauti baina ya haki yake kulipwa na kupotea.